C08, A12 au C11: Kadi Ipi ya Kazi Imtegemeze Anayesubiri Uamuzi Marekani?

Kila kadi ya kazi inayotolewa na idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, ina neno Category upande wa mbele, na karibu nalo herufi moja na tarakimu mbili ambazo wengi huzipita wakikimbilia tarehe ya mwisho. Alama hiyo ndiyo inayoeleza kadi imesimama juu ya nini. C08 ni ya mtu aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu. A12 ni ya aliyekwisha kupewa hadhi ya ulinzi wa muda inayojulikana kwa herufi TPS, na C19 ni ya aliyeiomba hadhi hiyo, akaonekana kuwa na sifa, lakini ombi lake halijaamuliwa. C11 ni ya aliyeingia kwa parole, yaani ruhusa ya muda ya kuwapo nchini bila kupokelewa rasmi. Watu wanne wanaweza kusimama kwenye mstari mmoja wa kiwanda cha kuku, wamevaa glavu za aina moja na wanalipwa sawa kwa saa, huku kazi ya kila mmoja ikining'inia kwenye uzi wake.

Ulinganisho huu unamhusu mtu ambaye tayari yuko Marekani, hana uamuzi wa mwisho mkononi, na anatakiwa kuchagua aegemeze kazi yake wapi: kwenye ombi la hifadhi, kwenye TPS, kwenye parole, au kwenye misingi miwili kwa pamoja, jambo ambalo sheria inaliruhusu ingawa wengi hudhani ni kosa. Nimefuata kanuni zilivyokuwa mwanzoni mwa 2026. Katika eneo hili kanuni zimekuwa zikibadilika upesi kiasi kwamba ushauri uliokuwa sahihi Septemba 2025 ulikuwa umekwisha kuharibika kufikia Novemba.

Siku 540 zilizoondoka

Kwa miaka kadhaa kosa la kuchelewa lilikuwa na mto wa kuliangukia. Tangu Januari 2017, aliyepeleka ombi la kuhuisha kadi kabla haijaisha, kama alama ya kadi yake ilikuwa kwenye orodha, aliongezewa siku 180 bila kungoja kadi mpya. Mwaka 2022 muda huo ulipandishwa hadi siku 540 kwa kipindi maalumu, na Januari 2025 siku hizo 540 zikafanywa kanuni ya kudumu. Haikudumu hata mwaka. Kwa maombi ya kuhuisha yaliyopelekwa kuanzia Oktoba 30, 2025, nyongeza hiyo ya moja kwa moja imefutwa, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe au tangazo la serikali kuhusu TPS linatoa nyongeza yake.

Nilipata kuliona jambo hili kwa karibu mezani kwangu, mahali ninapowasaidia watu kusoma barua zao. Mama mmoja anayefanya zamu za usiku katika makao ya wazee alikuja na kadi iliyokuwa inaisha Alhamisi ya wiki ile, risiti ya ombi lake la kuhuisha, na nakala ya risiti ya rafiki yake wa zamu moja. Rafiki alikuwa anaendelea na kazi kwa kadi iliyokwisha muda, kwa kuwa risiti yake iliambatana nayo. Yeye ofisi ya utumishi ilikuwa imemwambia asirudi Ijumaa. “Mwalimu,” aliniuliza, “risiti si risiti?” Nilizilaza zote mbili mezani. Zilikuwa na alama moja, C08, na maneno karibu yote yalifanana, ila kwenye kisanduku cha tarehe ya kupokelewa ya rafiki ilisomeka Oktoba 21 na yake Novemba 4. Wiki 2 tu za kuahirisha zilikuwa zimemwondolea siku 540.

Kwa hiyo swali la zamani, ni kadi ipi inatoka upesi, halina tena uzito lililokuwa nao. Maswali yenye uzito sasa ni mawili: nani ana uwezo wa kukiondoa kile kilicho chini ya kadi, na kadi inakulazimu kurudi foleni mara ngapi. Ni vyema pia ikumbukwe kwamba C11 haikuwahi kuwamo kwenye orodha ya zilizoongezewa muda. Mwenye parole alikuwa bila mto siku zote, na anayemshauri leo kwa kumkumbusha neema za 2022 anamshauri kwa neema ya mtu mwingine.

C08: polepole kuingia, ngumu kung'olewa

Aliyeomba hifadhi haruhusiwi kuomba kadi siku ileile. Hungoja siku 150 tangu ombi lake la hifadhi, fomu I-589, lipokelewe likiwa kamili, ndipo apeleke fomu I-765, na kadi haiwezi kutolewa kabla siku 180 hazijatimia. Mwaka 2020 serikali ilirefusha ngoja hiyo hadi siku 365, lakini mahakama ilizifuta kanuni hizo Februari 2022, na hesabu ya 150 na 180 ikarejea. Siku hizo huhesabiwa kwa kile kinachoitwa saa ya hifadhi, na saa hiyo husimama kila mwombaji anapokuwa yeye mwenyewe chanzo cha kuchelewa: akiomba mahojiano yaahirishwe, akikosa miadi ya alama za vidole, au akimwomba jaji muda zaidi wa kutafuta wakili. Anayekubali tarehe ya mbele mahakamani kwa kudhani anafanya adabu hushtuka miezi baadaye akiambiwa kwamba saa yake ilisimama siku ile.

Mtu aliyepitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako sheria ya wakimbizi ya 2006 humpa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kuajiriwa, huona ajabu kungojeshwa nusu mwaka ndipo aruhusiwe kujitafutia chakula. Ajabu hiyo ina haki yake, lakini haibadilishi hesabu.

Kadi ikishatoka, nguvu ya C08 huanza kuonekana. Ombi la hifadhi haliondolewi kwa tangazo la waziri. Linaondolewa kwa uamuzi juu ya faili la mtu huyo, na uamuzi huo una ngazi. Ofisa wa hifadhi asiporidhika, na mwombaji akawa hana hadhi nyingine, faili hupelekwa kwa jaji wa uhamiaji na ombi huhesabiwa kuwa bado lipo. Jaji akikataa, aliyekata rufaa ndani ya muda anaweza kuendelea kuhuisha kadi yake wakati Bodi ya Rufaa za Uhamiaji inalitazama shauri, na hata likifika katika mahakama ya juu kuliko hiyo, kwa sharti la kuonyesha uthibitisho wa rufaa. Kanuni inasema wazi kwamba kibali kinaweza kuhuishwa kwa muda wote unaohitajika kukamilisha mapitio hayo. Katika kadi tatu ninazozilinganisha, hii ndiyo peke yake ambayo kuchelewa kwa serikali hakuibomoi. Kwa waraka wa Desemba 2, 2025 USCIS ilisimamisha utoaji wa maamuzi ya hifadhi, lakini ombi ambalo halijaamuliwa hubaki kuwa ombi linalosubiri, na C08 husimama juu ya kusubiri huko.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Kadi ya kwanza ya C08 ina muda wa siku 30 ambao idara inatakiwa kuishughulikia, ila kadi ya kuhuisha haina muda kama huo. Tena, waraka huohuo wa Desemba uliweka kando maombi mengine ya mafao ya uhamiaji ya watu wa nchi 19 zilizotajwa katika amri ya rais ya Juni 2025, ambazo ni pamoja na Burundi, Somalia, Sudan na Kongo ya Brazzaville. Amri ya Desemba 16 ikaongeza nchi nyingine, Sudan Kusini na Tanzania zikiwamo, na Januari 2026 uzuio ukapanuliwa kuzifuata. Kongo ya Kinshasa haikuwamo katika orodha hizo mbili. Mrundi na Mkongo wa Kinshasa wanaoishi jengo moja na waliopeleka fomu siku moja wasitarajie kadi wiki moja, na Mrundi asidhani amejaza vibaya.

Kuna tahadhari ambayo haifai kuipita haraka. Ombi la hifadhi linatakiwa kupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu kuingia nchini, isipokuwa kwa sababu maalumu, nalo lina kiapo ndani yake. Wapo wajazaji wa fomu wanaoliuza kama “njia ya kadi”, wakimwandikia kila mteja hadithi ileile ya kijiji kilekile. Ombi likithibitika kuwa la uongo wa makusudi, mwombaji anaweza kufungiwa faida za uhamiaji maisha yake yote, hata zile ambazo angezipata baadaye kwa ndoa. Asiye na sababu ya kweli ya kuomba hifadhi haina maana kumlinganishia C08 na kitu chochote.

A12 na C19: upesi, lakini mwenye nyumba ni mwingine

TPS ilianzishwa na sheria ya 1990. Waziri wa usalama wa ndani huitaja nchi yenye vita, maafa au hali nyingine isiyowezesha watu kurudi, kwa kipindi cha miezi 6, 12 au 18, kisha huamua kurefusha au kukomesha. Wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kwanza kujiuliza kama jambo hili linawahusu kabisa. Kongo ya Kinshasa haijawahi kutajwa, pamoja na yote yaliyopita Kivu na Ituri. Burundi ilitajwa 1997 na ikaondolewa 2009. Somalia ilitajwa mara ya kwanza 1991, Sudan 1997, na Sudan Kusini 2011.

Kwa mwenye sifa, faida yake ni halisi. Haki ya kufanya kazi inatokana na hadhi yenyewe, hakuna siku 150 za kungoja, na aliyeomba tu na kuonekana kuwa na sifa anaweza kupewa C19 kabla ya uamuzi. Hahitaji kusimulia mateso yake mbele ya ofisa. Anahitaji kuonyesha uraia wake, tarehe tangu lini yuko Marekani, na kwamba hana makosa yanayomwondolea sifa.

Tatizo ni kwamba TPS haikatwi kwa mtu mmojammoja. Inakatwa kwa taifa zima kwa tangazo moja, na tangazo hilo halisomi faili la mtu. Januari 2026 serikali ilitangaza kwamba ya Somalia ingekoma Machi 17, 2026, na miezi michache kabla yake ilikuwa imetangaza kuikomesha ya Sudan Kusini. Mashauri hufunguliwa, majaji huzuia na kuruhusu, na katikati ya mvutano huo mwajiri hushindwa kujua kama kadi iliyopita tarehe bado inafaa kwa sababu ya tangazo lililotoka jana. Mfanyakazi wa TPS hulazimika kutembea na nakala ya tangazo mfukoni, na kumwonyesha msimamizi wake aya yenyewe inayorefusha kadi yake. Hiyo ni kazi juu ya kazi.

Hata hivyo TPS ina zawadi moja ambayo hutajwa kwa nadra. Muda ambao mtu amekuwa na TPS huhesabiwa miongoni mwa sababu zinazoweza kumsamehe kuchelewa ule mwaka 1 wa kuomba hifadhi, mradi aombe ndani ya muda wa kuridhisha baada ya hadhi hiyo kuisha. Kwa mwenye parole ni hivyohivyo. Muda huo haukutajwa kwa idadi ya siku, na ndiyo sababu anayengoja miezi mingi baada ya tangazo anajitia mwenyewe mashakani.

C11: daraja

Parole humruhusu mtu kuwapo nchini kwa sababu za kibinadamu bila kuhesabiwa kuwa amepokelewa rasmi. Kadi yake huishi ndani ya tarehe za parole, na parole inaweza kusitishwa. Wananchi wa Cuba, Haiti, Nicaragua na Venezuela walioingia kwa mpango maalumu, zaidi ya watu laki 5, walitangaziwa Machi 2025 kwamba mpango wao umekwisha, na Mei 30 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu usitishaji uendelee. Anayetegemea C11 anatakiwa kutafuta msingi mwingine siku anapoipokea kadi.

Gharama zikigawanywa kwa miezi

Sheria ya Julai 4, 2025 iliweka ada mpya juu ya zile za awali: dola 550 kwa kadi ya kwanza ya mwombaji hifadhi, wa TPS au wa parole, na dola 275 kwa kuhuisha, viwango ambavyo hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei na ambavyo havisamehewi kwa umaskini. Ombi la hifadhi lenyewe, ambalo halikuwa na ada, liliwekewa dola 100, na dola 100 nyingine kwa kila mwaka linapoendelea kusubiri. Ada ya kujiandikisha TPS ilitoka dola 50 hadi 500.

Bei ya kadi peke yake haitoshi kulinganisha, kwa sababu kadi hizi haziishi muda sawa. Kuanzia Septemba 2023 C08 ilitolewa kwa miaka 5. Kwa maombi yaliyokuwa yakisubiri au kupelekwa kuanzia Desemba 5, 2025, muda umeshushwa hadi miezi 18, ingawa kadi za miaka 5 zilizokwisha kutolewa zinabaki na tarehe zake. Kadi za TPS na parole, kwa ile sheria ya Julai, hazizidi mwaka 1. Kuhuisha C08 mtandaoni kwa viwango vya 2025 ni dola 275 na ada ya kawaida ya fomu, dola 470, jumla 745, ambayo ikigawanywa kwa miezi 18 ni takriban dola 41 kwa mwezi. Kiasi hichohicho kwa kadi ya TPS ya miezi 12 ni dola 62. Ada ya kawaida inaweza kuombewa msamaha, lakini ile 275 haiwezi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye orodha ya ada. Maombi ya kuhuisha hupokelewa kuanzia siku 180 kabla ya kadi kuisha. Mwenye kadi ya miezi 18 ana mwaka mzima wa kufanya kazi bila kuiwaza. Mwenye kadi ya mwaka 1 ana miezi 6, kisha anaanza tena kuhesabu. Katika majimbo mengi leseni ya udereva ya mtu asiye na makazi ya kudumu huandikwa tarehe ya mwisho kufuata karatasi zake za uhamiaji, kwa hiyo siku kadi inapoisha, gari la kumpeleka kazini linaweza kukosa dereva siku hiyohiyo.

Mtandaoni au kwa posta

Hapa uchaguzi ni mwepesi. Fomu ya mtandaoni ni nafuu kwa dola 50, na risiti huonekana upesi kwenye akaunti. Ya karatasi husafiri hadi kituo cha kupokelea na inaweza kurudishwa kwa sababu ya saini iliyosahauliwa, huku siku zikiendelea kwenda. Tangu Oktoba 28, 2025 hundi na hawala za posta hazipokelewi tena pamoja na fomu za karatasi, na malipo hufanywa kwa kadi ya benki au kwa kutoa idhini ya kukatwa kwenye akaunti ya Marekani. Karatasi imebaki, kwa kawaida, kuwa njia ya anayeomba msamaha wa ada. Kwa njia yoyote, aliyehama nyumba anatakiwa kuitaarifu serikali ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, kwani kadi hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye faili.

Nani achukue ipi

Mkongo wa Kinshasa au Mrundi mwenye sababu ya kweli ya hifadhi hana TPS ya kuilinganisha, kwa hiyo mjadala wake ni mfupi: C08, akiilinda saa yake tangu siku ya kwanza na kupeleka fomu ya kuhuisha siku ya 180 kabla ya mwisho, bila kungoja ya 90. Msomali au Msudani Kusini mwenye TPS na hofu ya kweli ya kurudi kwao ningemshauri aongee na wakili, au na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, kuhusu kupeleka ombi la hifadhi wakati TPS yake bado ipo, hata kama atalipa mara mbili kwa mwaka mmoja. Najua dola hizo ni kodi ya nyumba ya wiki kadhaa. Bado naona ni bora kuwa na C08 iliyoanza kuhesabu siku wakati A12 inafanya kazi, kuliko kuzianza siku 150 mikono ikiwa mitupu. Mwenye parole hana anasa ya kufikiri kwa muda mrefu.

Aliyekwisha kupewa hifadhi, ambaye kadi yake husomeka A05, hayumo tena kwenye ulinganisho huu, ingawa wengi hawajui. Haki yake ya kazi imo ndani ya hadhi yake, na kadi ni ushahidi tu. Njia rahisi ya kuiona tofauti ni kuitazama kadi ya Social Security, ile ya namba ya hifadhi ya jamii. Ya mwombaji hifadhi, ya mwenye TPS na ya mwenye parole imepigwa mstari wa maneno unaosema kwamba inafaa kwa kazi pamoja tu na idhini ya idara ya usalama wa ndani. Aliyepewa hifadhi anaweza kwenda kwenye ofisi ya Social Security na barua yake ya uamuzi, akaomba kadi isiyo na mstari huo. Akiionyesha pamoja na kitambulisho cha jimbo anapojaza fomu I-9, ile ya kumthibitishia mwajiri haki ya kufanya kazi, mwajiri hana haki ya kumdai kadi ya kazi.